Uliza Mwalimu: Elfu moja na shilingi moja, na maswali yenu mengine kuhusu namba za Wahindu

Toleo lililopita msomaji mmoja aliuliza zile shanga Wahindu wanazohesabu wakiomba zina maana gani, nikamjibu mistari miwili tu, nikaendelea na swali la mbolea ya kuku. Kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimemiminika wiki nzima, za walioajiriwa kwenye maduka, wapishi, madereva, yaya, mpaka mwanafunzi mmoja wa sekondari anayebishana na mwalimu wake wa dini. Basi leo ukurasa wote tunaongea namba.

Tuelewane kwanza, maana kuna wanaochanganya. Mhindi si lazima awe Mhindu. Kuna Ismailia, kuna Mabohora, kuna Masingasinga, kuna Wagoa ambao ni Wakatoliki wa siku nyingi. Hapa tunaongelea dini ya Kihindu, na hata humo ndani kuna madhehebu na makabila na lugha kibao, anachofanya Mgujarati si lazima Mtamil akifanye, kwa hiyo ukisoma hapa halafu jirani yako akakwambia "sisi kwetu hatufanyi hivyo" usije ukanitukana, wote wawili tunaweza kuwa sawa.

Mwalimu shikamoo. Nauza kwenye duka la vitambaa hapa Mombasa. Bosi wangu akienda harusi anaweka kwenye bahasha 501 au 1,001, hajawahi kuweka elfu kavu. Sasa mwanawe anaoa na mimi nimealikwa. Nikiweka elfu moja tu nitaonekana sina adabu? (Muuza vitambaa, Mombasa)

Marahaba. Hakuna atakayekununia, wanajua wewe si wa dini yao. Ila ukiongeza hiyo shilingi moja, mama wa bwana harusi atakapofungua bahasha atatabasamu na utakuwa umeongelewa vizuri nyumbani kwao mwezi mzima, kwa hiyo kwa shilingi moja naona ni biashara nzuri.

Wagujarati hela hiyo ya harusi wanaiita chandlo, wa kaskazini mwa India wanasema shagun. Maelezo utakayoyasikia ni mawili. La kwanza, namba inayoishia na sifuri imefungwa, imefika mwisho, ukiongeza moja umeanza upya, yaani unawaombea maharusi waendelee wasikomee hapo. La pili, hesabu haigawanyiki kwa wawili, na wanandoa nao wasigawanyike. Mwalimu wa hesabu atakuchokoza kwamba 1,001 inagawanyika kwa 7, kwa 11 na kwa 13, sawa, lakini kwa mbili haigawanyiki na hapo ndipo wanapopaangalia wao. Ndo maana pia kuna 11, 21, 51, 101, na ukiingia kwenye mahekalu mengi ukasoma majina ya waliochangia ujenzi yaliyochongwa ukutani utakuta watu wametoa 5,001, 11,111, hivyo hivyo. Bahasha nyingine zinauzwa zikiwa tayari zimegandishwa sarafu moja kwa nje ili mtu asihangaike kutafuta chenji.

Angalizo dogo tu: msibani usipeleke hiyo ya moja juu. Wengi wanasema kwenye kifo mtu atoe hesabu kamili, maana pale hakuna anayeomba jambo liendelee.

Naomba unieleze vizuri hii 108, ile ya toleo lililopita haikunitosha. Jirani zangu hapa Kisutu shanga zao zina 108, baba yangu Muislamu tasbihi yake ina 99. Nani kaiga kwa nani? (Msomaji, Dar es Salaam)

Nani kaiga tuyaache. Nikufafanulie tu inavyotumika, maana raha iko kwenye matumizi.

Kamba inaitwa mala. Ina shanga 108 halafu moja ya ziada, kubwa kidogo au yenye kishada, inaitwa meru kwa jina la ule mlima wa katikati ya dunia katika masimulizi yao. Mtu anaanzia pembeni ya meru, kila shanga mantra moja, yaani maneno matakatifu ya kurudiarudia, anavuta kwa kidole gumba juu ya kidole cha kati, kile kidole cha shahada hakigusi kabisa, wanasema ndicho kidole cha kunyooshea watu na kujiona. Akifika tena kwenye meru haruki. Anageuza kamba anarudi alikotoka. Wafuasi wa miungu Vishnu na Krishna shanga zao mara nyingi ni za mti wa tulsi, wa Shiva wanatumia mbegu za rudraksha zile zenye mikunjo, na wengine mkono mzima wanauficha kwenye kifuko cha kitambaa ili mtu asione wamefika wapi. Wale wa Hare Krishna ambao labda umewaona wakiimba barabarani, aliyekula kiapo anazunguka mala 16 kwa siku, na mantra yao ina maneno 16, sasa piga mwenyewe: 108 mara 16 ni mantra 1,728 kila siku iendayo kwa Mungu, ndani yake majina 27,648. Si mchezo.

Sasa kwa nini 108. Hapa kila pandit, yaani kuhani wao, ana jibu lake lakini majibu yenye mizizi yanatoka angani. Wana buruji 12 kama unazozijua, na wana sayari tisa za unajimu, yaani jua, mwezi, zile tano zinazoonekana kwa macho, na Rahu na Ketu ambazo siyo sayari za kushikika, ni zile sehemu mbili ambapo njia ya mwezi inakatana na njia ya jua, na ndipo kupatwa kunapotokea. Kumi na mbili mara tisa, 108. Halafu kuna hesabu ya mwezi. Mwezi unazunguka anga kwa siku 27 na kitu, kwa hiyo wakaigawa njia yake vituo 27, kila kituo kinaitwa nakshatra, na kila kituo kina robo nne. Ishirini na saba mara nne, 108 tena. Mtu anayezungusha mala ni kama amepita anga lote akiwa amekaa kwenye mkeka wake.

Kuna na ya pumzi ambayo mimi binafsi ndiyo naipenda. Maandiko ya yoga yanasema mtu anavuta pumzi 21,600 kwa siku moja, mchana na usiku. Gawanya kwa dakika 1,440 za siku unapata pumzi 15 kwa dakika, na daktari yeyote atakwambia kwa mtu mzima aliyetulia hiyo ni kawaida kabisa. Nusu yake ni 10,800. Sasa huwezi kukaa ukaomba kwa kila pumzi ya mchana, una kazi, una watoto, basi zinakatwa zile sifuri mbili za mwisho unabaki na 108 na hizo zinasimama badala ya zote.

Baada ya hapo namba ikawa inajialika kila mahali. Orodha ya Upanishadi, yale maandiko yao ya kale ya falsafa, iliyoko kwenye andiko la Muktika, ambapo mungu Rama anamwambia mfuasi wake Hanuman asome zipi, ina 108. Wavaishnava wa Kitamil wana sehemu takatifu za Vishnu 108, na 106 tu ndizo ziko duniani, mbili utaziona ukishakufa. Kwenye milango mirefu ya hekalu la Chidambaram kusini mwa India wamechonga mikao ya dansi 108. Ukiwa India ukapata ajali katika majimbo mengi namba ya kupigia gari la wagonjwa ni 108. Wabudha nao walitoka nayo, Japani usiku wa kuamkia mwaka mpya kengele za mahekalu zinapigwa mara 108.

Kuna kitu kinazunguka WhatsApp kwamba wahenga wa India walijua umbali wa jua ni vipenyo 108 vya jua lenyewe. Hesabu yenyewe haiko mbali, kipenyo cha jua ni kama kilomita milioni 1.39, umbali ni kama milioni 149.6, unapata 107 na nusu hivi, na kwa mwezi unapata kama 110. Lakini kwamba ndiyo sababu ya 108 mimi sikubali, maana hesabu za umbali wa jua walizoziandika wataalamu wao wa falaki wa zamani hazifanani na hizo. Hayo ni mapambo ya watu wa juzi. Namba yenyewe haihitaji kupambwa hivyo.

Mwalimu, darasani tumefundishwa Wahindu wana miungu milioni 330. Rafiki yangu Mhindu anasema wao Mungu ni mmoja. Nani mwongo? (Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Tanga)

Hakuna mwongo mwanangu, ila mwalimu wako kasoma ukurasa wa mwisho na rafiki yako kasoma wa kwanza.

Hiyo milioni 330 inatokana na msemo wa miungu 33 koti. Koti ni milioni kumi, lakini pia linabeba maana ya aina au daraja, na wapo wanaosema maana yake ni aina 33 tu. Hao 33 wanajulikana tangu enzi za Veda, maandiko yao ya kale kabisa, kwa mafungu, Vasu 8, Rudra 11, Aditya 12, na wawili wa kukamilisha.

Ila jibu tamu kuliko yote lilishatolewa zamani kwenye Upanishadi inayoitwa Brihadaranyaka. Kuna mzee anaitwa Yajnavalkya, mjuzi lakini ana kiburi chake, yuko kwenye mashindano ya hoja mbele ya mfalme Janaka. Anasimama mpinzani, Shakalya, anamuuliza: miungu ni mingapi? Anajibu 303 na 3,003. Sawa, anasema Shakalya, lakini hasa hasa ni mingapi? 33. Sawa, lakini hasa ni mingapi? Sita. Sawa, lakini hasa? Mitatu. Sawa, hasa? Miwili. Sawa, hasa? Mmoja na nusu. Sawa, hasa? Mmoja.

Unaona huyo mpinzani hakubali na hakatai, anasukuma tu. Halafu anarudi kumbana, haya nitajie hao 33 ni akina nani, na hapo ndipo utashangaa maana Yajnavalkya hataji watu wenye mikono minne. Vasu wanane anasema ni moto, ardhi, upepo, anga la kati, jua, mbingu, mwezi na nyota, kwa sababu vitu vyote vimehifadhiwa humo. Rudra 11 ni pumzi kumi za ndani ya mtu na ya kumi na moja nafsi, zikiondoka mwilini zinawaliza waliobaki. Aditya 12 ni miezi ya mwaka, inapita na kuchukua kila kitu. Miwili ni chakula na pumzi. Mmoja na nusu ni upepo, na watu walipomuuliza mbona upepo ni mmoja tu unavuma akasema kwa sababu ndani yake vyote vilistawi. Na mmoja? Pumzi, ndiyo Brahman, ule ukweli mmoja ulio nyuma ya vyote.

Kwa hiyo mweleze mwalimu wako kwa heshima kwamba kwenye dini hii swali la mingapi lina majibu yanayopandana ngazi, na yote yamo kwenye kitabu kimoja. Usimweleze lakini mwisho wa Shakalya, maana aliendelea kuuliza mpaka akashindwa yeye swali moja, na kichwa chake kikadondoka.

Mimi ni yaya Nairobi. Mtoto wa tajiri yangu alipofikisha siku sita waliweka kando ya kitanda karatasi nyeupe na kalamu nyekundu, usiku kucha, hakuna aliyeandika kitu. Niliogopa kuuliza. Ni uchawi? (Jina limehifadhiwa)

Pole dada, lala usingizi, siyo uchawi. Hiyo inaitwa chhathi, siku ya sita, Wagujarati wanaifanya sana. Imani ni kwamba usiku huo mwenye kupanga majaliwa anakuja kumwandikia mtoto maisha yake, basi wenyeji wanamwekea vifaa vya kazi. Asubuhi karatasi bado nyeupe, na hakuna anayelalamika, maana maandishi yenyewe si ya kusomwa na sisi.

Kwa nini sita sijui kama utapenda maelezo marefu, ila kuna mungu wa kike anaitwa Shashthi, mlinzi wa watoto wachanga, na jina lake lenyewe ni "wa sita". Na fikiria zamani, mtoto akivuka siku tano sita za mwanzo mama na bibi wanaanza kupumua. Nina hakika woga huo ulitangulia, namba ikafuata.

Na kama ulikuwepo wakati wa kutoa jina utakuwa uliona shangazi wa mtoto, dada wa baba, ndiye aliyelitaja. Hiyo ni haki yake na anaidai.

Eti harusi ya Kihindu ni kuzunguka moto mara saba? Mbona niliyopiga picha mimi walizunguka mara nne wakaacha, nikakosa picha tatu za mteja! (Mpiga picha, Arusha)

Haha, hukukosa picha, ulikosa taarifa. Waliooana walikuwa Wagujarati bila shaka. Kwao mizunguko ya moto ni minne, kila mmoja kwa lengo moja la maisha ya binadamu: wajibu, mali, mapenzi, na ukombozi wa roho. Kaskazini mwa India ndiko wanakozunguka saba, na hizo ndizo umezizoea kwenye sinema.

Lakini saba iko hata kwa Wagujarati, iko kwenye hatua. Baada ya mizunguko bwana na bibi wanapiga hatua saba pamoja, inaitwa saptapadi, na mara nyingine ni vimirundo saba vya mchele wanavigusa kwa mguu mmoja baada ya mwingine, hivyo kamera yako iangalie chini. Hatua ya kwanza ya chakula, ya pili nguvu, ya tatu mali, ya nne furaha, ya tano watoto, ya sita majira ya mwaka, na ya saba, hapa sikiliza, ya saba ni urafiki. Hapo bwana anamwambia mkewe kwamba sasa umekuwa rafiki yangu wa hatua saba. Zawadi ya mwisho baada ya chakula na mali na watoto ni urafiki, mimi hiyo naivulia kofia.

Na siyo mapambo tu. Sheria ya ndoa za Kihindu ya India ya mwaka 1955, kifungu cha 7, inasema pale saptapadi inapokuwa sehemu ya taratibu za wahusika basi ndoa inakamilika na kuwafunga hatua ya saba inapopigwa. Siyo saini, siyo pete. Kenya nayo sheria ya ndoa ya 2014 inaitambua ndoa ya Kihindu pamoja na ya Kikristo, ya Kiislamu, ya kimila na ya kiserikali.

Saba kwao imejaa pengine pia, wana marishi saba, yaani wahenga watakatifu, ambao ni zile nyota saba za kaskazini ambazo sisi huku karibu na ikweta tunaziona zikiwa chini chini, wana mito mitakatifu saba, miji mitakatifu saba. Ila ya hatua ndiyo inayokuhusu, next time simama upande wa miguu.

Napika kwa familia ya Kihindu Zanzibar. Nikiweka chapati tatu kwenye sahani mama anaongeza ya nne au anaitoa moja. Si ndo hao hao wana miungu mitatu mikubwa? (Mpishi, Zanzibar)

Swali hili nimelicheka lakini ni zito kuliko linavyoonekana. Ni kweli, tatu hekaluni ni namba tukufu mno. Brahma, Vishnu, Shiva. Mkuki wa Shiva una ncha tatu, ana macho matatu, majivu kwenye paji la uso wafuasi wake wanapaka mistari mitatu, na jani la mti wa bilva wanalomtolea lazima liwe na vijani vitatu kwenye kikonyo kimoja. Na hata Om wanaigawa sauti tatu, A, U, M.

Sasa jikoni hiyo hiyo tatu inakimbiwa. Kuna msemo wa Kihindi unaosema watatu wakiunganika kazi inaharibika, watu hawatoki watatu kwenda kwenye shughuli muhimu, na chapati tatu hazipakuliwi pamoja. Wengine wanasema ni kwa sababu sahani ya chakula anachowekewa marehemu inakuwa na tatu. Mama yako huyo kalelewa hivyo na bibi yake, na ukimuuliza atakwambia "haiwekwi tu".

Usitafute kupatanisha. Namba moja inaweza kuwa na heshima madhabahuni na mkosi mezani, hakuna kamati iliyokaa ikapitisha. Hata 13 ni hivyo hivyo, siku ya 13 baada ya kifo wengi wanamaliza matanga, lakini siku ya 13 ya kila nusu ya mwezi ni ya Shiva na watu wanafunga kwa furaha, na ile Dhanteras ya kabla ya Diwali ambayo watu wanajazana kununua dhahabu na sufuria ni siku ya 13 ya nusu ya giza ya mwezi. Kwa hiyo yule anayekuletea orodha ya "namba mbaya za Wahindu" muulize mbaya wapi, kwa nani na saa ngapi. Wewe weka nne, au weka mbili kisha ongeza ya tatu baadaye ikiwa ya moto, hiyo inaruhusiwa.

Kuna mtaalamu nimempata mtandaoni anajiita mnajimu wa Kihindu, kaniambia namba yangu ya simu ukijumlisha inatoka 8, ni ya Shani, ndo maana biashara hailipi. Anataka laki mbili anibadilishie na jina la duka. Nimtumie? (Mfanyabiashara, Mwanza)

Usitume. Hata senti. Kama ushatuma nenda polisi.

Sasa nikueleze kwa nini, maana kajifunika shuka la dini ya watu. Ni kweli Shani, yaani sayari Zohali, anaogopwa, watu Jumamosi wanampelekea mafuta na ufuta. Lakini ule mfumo wa kujumlisha tarakimu, moja ya jua, mbili ya mwezi, nane ya Shani, halafu herufi A iwe 1 na B iwe 2, umeenea India kwa kiasi kikubwa kupitia mtu wa Ireland aliyejiita Cheiro, jina lake la kuzaliwa William John Warner, aliyekufa 1936. Na hebu fikiri mwenyewe, marishi wa kale hawakuandika kwa ABC, hizo A na B wangezitoa wapi?

Wahindu wana njia zao za zamani za kuunganisha herufi na namba na ni nzuri kweli. Kuna mfumo wa kusini mwa India ambao kila konsonanti ina tarakimu yake, na unasomwa kinyume, kwa hiyo neno Jaya, ambalo ni jina la zamani la Mahabharata, utenzi wao mrefu wa vita vya ndugu, ja ni 8, ya ni 1, geuza, 18. Na wanahesabu waliandika namba kwa mafumbo ili ziingie kwenye mashairi, wakisema mwezi ni 1, macho ni 2, mishale ni 5 kwa mishale ya mungu wa mapenzi, marishi ni 7, tembo ni 8. Huo ni ufundi wa kukariri hesabu ndefu bila karatasi, siyo wa kubadilisha bahati ya duka.

Na kama ni jina, utaratibu wa mila unaenda upande mwingine kabisa. Pandit anaangalia mtoto kazaliwa mwezi ukiwa kwenye nakshatra gani na robo ipi, na kila robo ina silabi yake, robo za nakshatra ya kwanza, Ashwini, zina Chu, Che, Cho, La. Robo 108, silabi 108. Jina linaanzia hapo. Yaani anga linatoa jina. Huyu wako kaanza na namba ya simu uliyopewa na wakala kwenye kibanda, akaishia kwenye pochi yako.

Mahabharata na 18 kuna siri gani? (Msomaji, Kampala)

Siri sijui, ila mpangilio upo, na waliotunga walijua wanachofanya. Vitabu 18. Vita vya Kurukshetra siku 18. Majeshi 18, ya ukoo wa Kaurava 11 na ya binamu zao Pandava 7. Bhagavad Gita ambayo iko ndani yake sura 18, beti 700. Na Purana kubwa, vitabu vyao vya masimulizi ya miungu, zinazohesabiwa ni 18.

Nenda ndani ya jeshi moja, wanaliita akshauhini: magari ya vita 21,870, tembo 21,870, farasi 65,610, askari wa miguu 109,350. Jumlisha tarakimu za kila moja. Zote 18. Jumlisha jeshi zima 218,700, tarakimu zake 18 tena. Wengi wanasema hapo si bahati, kuna mtu alikaa chini na mchanga na kijiti akazipanga.

Na anayetaka kuzikanyaga kwa miguu aende Sabarimala, jimbo la Kerala kusini mwa India, hekalu la Ayyappa juu ya mlima msituni. Kuna ngazi 18 za mwisho, na hupandi hizo mpaka uwe na kile kifurushi chenye mifuko miwili kichwani, na wa kufuata utaratibu wanafunga siku 41 kwanza, hakuna nyama, hakuna pombe, nguo nyeusi, wengi peku. Ukifika bila kifurushi unapitishwa njia ya pembeni.

Nimesikia kwa Wahindu dunia iko kwenye zama za mwisho. Imebaki miaka mingapi? (Dereva, Dodoma)

Endelea kulipa mkopo wa gari lako. Zama hizi zinaitwa Kali Yuga na urefu wake ni miaka 432,000. Kwa hesabu yao ilianza mwaka 3102 kabla ya Kristo, mwanahisabati Aryabhata aliandika kwamba alipokuwa na umri wa miaka 23 ilikuwa imepita miaka 3,600 ya zama hizi, ndo maana tunajua alikuwa na miaka 23 mwaka 499. Mpaka leo imepita zaidi kidogo ya 5,100. Zimebaki kama 427,000.

Zama za kabla yake zilikuwa mara mbili, mara tatu na mara nne ya hiyo, jumla yote nne ni 4,320,000, na mizunguko elfu moja ya namna hiyo ndiyo mchana mmoja wa Brahma, mungu muumbaji, miaka bilioni 4.32. Bado ana usiku. Kuna anayekwambia ajabu, kila namba hapo ukijumlisha tarakimu mpaka ibaki moja unapata 9, lakini hiyo siyo ajabu, namba yoyote inayogawanyika kwa 9 iko hivyo, jaribu hata na bei ya dizeli. La kuvutia ni kwamba 432,000 ni 108 mara 4,000.

Nikiingia hekaluni kutembea tu, nizunguke sanamu mara ngapi? (Mtalii wa ndani, Nairobi)

Hulazimiki kuzunguka hata mara moja. Ukipenda, geuza mkono wa kulia uwe upande wa mungu, yaani unaenda kama mshale wa saa. Kwa Ganesh wengine mara moja, wengine mara tatu, Vishnu wengi mara nne, mengine yanategemea hekalu. Kwa Shiva ni nusu tu: pembeni ya jiwe lake kuna mfereji wa kutolea maji na maziwa aliyomwagiwa, haurukwi, ukiufikia unageuka unarudi ulikotoka. Kama umesahau yote haya, mfuate bibi aliye mbele yako. Na viatu viache nje kwenye rafu, kumbuka namba ya kisanduku chako.